Kaburi la Bumbwisudi

Hounslow, London
9 Machi 2019

Mdogo wangu Mwanakheri,

Salamu zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani. Magoti yako yanasemaje? Mimi moyo umechoka, na daktari hanifichi tena. Lakini nashukuru: nala, nasali nikiwa kitini, na barua yako nimeisoma mara tatu.

Umeniandikia kuwa kila Ijumaa unafagia kaburi la Baba kule Bumbwisudi, na kwamba umenitengea nafasi ubavuni mwake. Mungu akulipe. Ndiyo sababu siwezi kunyamaza zaidi.

Kila Jumatano jirani yangu Kalpana, mzaliwa wa kwetu, mtaa wa Hurumzi, hunipeleka kunywa chai ya wazee katika kanisa moja la kale. Humo, juu ya kaburi, zimelazwa sanamu mbili za mawe: askari wa farasi wa karne nyingi zilizopita, kavaa chuma mwili mzima, pua imemeguka, mbwa wa jiwe miguuni, na mkewe, wameshikana mikono. Mimi husinzia baada ya chai, basi Kalpana hunitania kuwa yule bwana angalau hakoromi.

Juzi mzee wa kanisa alitueleza kuwa bwana huyo hamo. Alifia vitani ng'ambo, mwili haukuonekana, na mkewe ndiye aliyeagiza achongwe ili apate pa kukaa naye. Nikauliza kama huo si uongo. Kalpana akanijibu, eti, uongo gani mzee wee, na yule mama alijua hamo?

Chai ilinishinda.

Mwanakheri, Baba hamo. Mwaka ule wa Mapinduzi walipomchukua, Mama alikataa kukaa eda. Alisema bila maiti hakuna mjane. Miezi ikapita, hali, halali, mlango ukigongwa anakimbilia. Wewe ulikuwa na miaka minne. Nikarundika udongo pale Bumbwisudi, nikasimika mawe mawili, nikamwambia nimemzika kwa mikono yangu. Siku hiyo alilia. Akakaa eda, akaanza kula, akakusuka nywele. Baba alilazwa wapi, sikupata kujua hadi leo.

Ahsante kwa ufagio wako wa miaka yote. Hukumfagia yeye, lakini ulimpenda yeye. Nisamehe.

Ukiona bado nastahili kurudishwa, msinilaze ubavuni. Chimbeni pale pale, katikati ya mawe mawili. Hamtamgusa mtu.

Wabusu wajukuu, na jirani wote uwape salamu zangu.

Kaka yako akupendaye,
Rajab