Wimbo wa Mama Mdogo

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Baba yako hajambo, kikohozi kimemwachia ila ubishi bado. Dada yako hajambo, na mwanawe ameota meno mawili, anamng'ata kila anayembeba. Bibi yako hajambo, anauliza kama unakula. Fundi cherehani jirani anakusalimu. Na wewe je, kifua kimepona?

Mwanangu, Jumatatu mimi na Mama Mdogo tulikuwa kazini, kule kufulia hospitalini, tunakunja mashuka, yeye kashika ncha zake na mimi zangu. Redio ikapiga wimbo wako. Hata mpishi alikuja kusimama mlangoni, maana wimbo wenyewe hauna madoido, ni mzazi anasema na mtoto mgonjwa tu. Mimi nilitulia, nikijua utamtaja mwenye wimbo. Mtangazaji akakuuliza umeutoa wapi. Ukasema umeutunga wewe, maana huwa unaimba yaliyokukuta tu.

Mama Mdogo akaachia shuka. Wimbo ule alimwimbia mwanawe wodini mpaka mtoto akakata roho. Unajua, nilikueleza mimi. Tangu Jumatatu hiyo anakunja na mwingine. Nijibu, baba.

Mama yako

Tarehe 29 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona. Wasalimie baba, bibi na dada.

Mama, usinikasirikie. Miaka minne nimetunga nyimbo za maneno makubwa, hakuna aliyegeuza shingo. Huu una maneno ya jikoni na watu wanalia, kwa sababu wanaona ni kweli. Nikisema yalimkuta mtu mwingine, nitaonekana kasuku. Na jina la mtoto sikulitaja. Mwambie Mama Mdogo namheshimu.

Mwanao

Tarehe 8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, bibi kaumwa mguu kidogo.

Salamu zako nilizifikisha. Mama Mdogo akaniuliza, "Heshima gani hiyo ya kunivua nguo mbele za watu?"

Mambo ya muziki siyajui, shule yangu unaijua ilivyoishia. Ila hao wanaolia, wanalia kwa sababu kuna mama alikesha kweli. Juzi Mama Mdogo alikuwa anaanika kazini, akauimba kidogo, nadhani alijisahau. Wasichana wapya wakamcheka, wakamwambia, "Mama, unakosea maneno, siyo hivyo." Akamaliza kuanika. Sijamsikia kuimba tena.

Na ule ubeti wa mtoto kuomba maji, alinieleza mimi peke yangu. Nikakupa wewe kwa kuwa ni mwanangu. Sasa haniamini tena, na sina pa kujitetea. Umenichonganisha na mtu aliyenisaidia kukulea.

Nasikia Jumapili utahojiwa tena. Mtaje. Andika upesi kabla ya siku hiyo, nijue kama nimwite aje kusikiliza, au redio niizime mapema.

Mama yako