Vigingi Kumi na Viwili Kando ya Bwawa

Chumba Na. 9,
Nyuma ya Karakana ya Mabati,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu za mdogo wako ambaye bado anapumua, ingawa mgongo unanung'unika. Wewe hujambo? Mguu wa Mama umepungua uvimbe? Na Shemeji bado anakohoa, au ameshaacha ile sigara anayoificha bafuni? Mimi ni mzima.

Uliniuliza siku ya mapumziko huwa naenda wapi. Dada, humu jijini katikati ya maghorofa kuna msitu. Msitu kweli, una miti ambayo watu watatu hawawezi kuizungushia mikono, na bwawa lenye bata. Mara ya kwanza nilitafuta dirisha la kukatia tiketi nikalikosa. Nikaingia kwa wasiwasi, maana mji huu hata kujisaidia ni kwa hela, nikangoja mtu aje anifukuze. Hakuja. Nikavua viatu, nikalala kwenye nyasi mpaka jua likahama. Wiki nzima mapafu yangu yanakula saruji. Pale yanaonja hewa. Tangu hapo sijakosa Jumapili hata moja.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wiki tatu zilizopita nilikuta vigingi kando ya bwawa, kumi na viwili, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Nikamuuliza mlinzi. Akasema, "Kaka, hiyo ni njia ya watu kutembea. Wewe pumzika." Alisema haraka mno, wala hakunitazama. Nikapima kwa nyayo. Njia haina pembe nne, Dada. Nimechimba misingi miaka sita, najua nyumba inavyoanza.

Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Ndevu, alicheka. "Wewe hata kuku wako akitaga utauliza ametumwa na nani." Labda. Lakini shamba la Babu unalikumbuka. Tuliambiwa vigingi ni vya kupimia tu, tukawakaribisha wapimaji chai. Leo tunalichungulia kupitia uzio.

Basi Jumapili iliyopita niling'oa kimoja, cha kona, nikakificha ndani ya koti. Nilitaka kujua. Mtengeneza njia akikosa kigingi hukadiria kwa jicho. Mjenzi hawezi kuacha kona ipotee. Leo nimekwenda kuangalia. Kona ile ina kigingi kipya, cha chuma, kimemiminiwa zege.

Na jana nyapara alichagua watu wanane, nami nimo. Ametuagiza kesho twende na mapanga na mabeleshi. Nilipouliza kazi iko wapi, alisema nitaonyeshwa.

Nikionyeshwa pale bwawani, nitamrudishia beleshi lake. Wale saba watachimba, najua, na kazi nyingine sijui nitaipata wapi. Ndiyo maana nakuandikia leo, usije ukasikia kwa watu kwamba nimefukuzwa kwa uvivu. Mama usimwambie kwanza.

Nisalimie Mama, Shemeji, Mjomba Kipara na wale mapacha wako watundu. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo.

Kile kigingi kiko chini ya godoro langu. Nikirudi nitakuja nacho. Shambani kwa Babu hatukung'oa hata kimoja.

Ni mimi mdogo wako,
nikupendaye siku zote.