Mashine Iliyonyamaza Shingoni mwa Mama

Jumatatu, 1 Juni 1959

Iodini yenye mionzi imefika Arequipa kwa ndege. Hatimaye! Saratani ya tezi ya Mama imerudi shingoni. Nimempa kikombe chake hapa maabara ninakofanya kazi, kakunywa kakunja uso. Anasema maji matupu haya, eti tumeibiwa! Kesho nampima. Uvimbe ukiinyonya iodini, Daktari Zegarra atampa dozi kubwa ya kuuchoma. Usiponyonya — basi. Dawa nyingine hakuna.

Jumanne, 2 Juni

Nimeweka bomba la mashine ya kupima mionzi shingoni mwa Mama. Tik... tik... Mlio huo hutoka hata nikiielekeza ukutani. Nikakipiga kofi kisanduku. Kikuukuu, waya wake nimeufunga kwa plasta ya vidonda. Imekufa, nikamwambia daktari. Akasema, haya Domitila, ijaribu kwenye kichupa cha iodini. Ikalia kama bisi kikaangoni! Nzima kabisa, basi uvimbe haujanyonya kitu. Niliomba iwe mbovu. Naichukia.

Jumatano, 3 Juni

Mama mdogo Hermelinda kaja na sufuria. Supu ya mwani! Anamnywesha dada yake tangu Pasaka, mwani wa pwani ya Mollendo, ndivyo shingo zinavyotibiwa kwao milimani. Nikapiga kelele. Mwani umejaa iodini! Mwili wa Mama umeshashiba, yetu ungeitakia nini? Nilimuuliza Mama kabla ya kipimo kama katumia dawa yoyote, akakana. Kumbe kwake supu si dawa. Mama mdogo kanicheka: msomi mzima na mashine zako, supu ndiyo inakutisha? Nikamkumbatia huku nalia. Kumbe kimya kile cha mashine si jibu!

Ijumaa, 5 Juni

Daktari anasema Mama aache mwani, mwili usafike, labda miezi miwili. Lakini iodini yetu haisubiri — kila siku nane nusu yake inakufa. Nyingine italetwa lini? Krismasi, Mungu akipenda. Nikamuuliza, Mama atafika Krismasi? Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Nimechoka mimi.

Jumapili, 7 Juni

Mkate haumpiti Mama kooni. Viazi havipiti. Nimempikia mchuzi wa kuku — kijiko kimoja, ukarudi wote. Anataka supu ya Hermelinda tu, hiyo ndiyo inateleza. Nikamweleza habari ya Krismasi. Akasema, mwanangu, mimi nina njaa leo.

Mama mdogo keshaipasha moto, kaniwekea bakuli mkononi, katoka bila neno. Nimeketi kitandani nalo, daftari gotini. Mama kafumba macho. Kinywa kakifungua, anangoja — naweka kalamu, nachukua kijiko.