Spika za Chumba cha Mama

Berea, Johannesburg

Mama yangu mpendwa,

Mdogo wangu Chris akusomee barua hii polepole, wala asiruke neno. Sisi wazima. Baridi imeanza, na chumba chako kimeshapakwa rangi.

Redio kubwa ya baba Sagesse inabaki sebuleni na mechi zake za mpira. Wewe tumekuwekea ile ndogo ya zamani, ila spika zake zilikuwa zimepasuka. Jumamosi nikaenda na Sagesse madukani Fordsburg kutafuta nyingine za bei nafuu. Muuzaji, Mkongo mwenzetu anayeitwa Gustave, akatuwashia zile nene zenye mdundo mpaka kioo cha kabati kikatetemeka. Nikafungua pochi.

Sagesse akanishika mkono. Unamjua mjukuu wako, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Siku hiyo akamwambia Gustave kwa Kiswahili, "Baba, hizi zinapiga kelele tu. Bibi yangu anasikiliza Biblia. Tuwekee mtu anayesoma."

Gustave akafungulia kituo cha habari. Kwenye zile nene maneno yalizama. Kwenye ndogo za mbao, za bei ya chini zaidi, kila neno lilisikika. Tukazichukua.

Mama, Chris ameniambia ulichonificha, kwamba macho hayatapona. Usione haya. Njoo.

Gustave alimuuliza Sagesse nani amemfundisha Kiswahili kizuri hivyo. Nilidhani atanitaja mimi. Akasema, "Bibi, kwenye simu, mama akiwa kazini." Nilitoka dukani nimeinua kichwa kwa ajili yenu wawili.

Binti yako anayekungoja,
Marcelline