Machaguo ya Chuo ya Shuwen Yalivyoguswa, na Chaja Niliyoazimwa

KITUO CHA POLISI CHA SOKO LA MASHARIKI, MJI WA QINGSHITAN
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Qiao Fengzhi
Umri: Miaka 47
Kazi: Muuza tambi, kibanda namba 16, Soko la Mashariki
Makazi: Mtaa wa Daraja la Mawe, jengo la 4, ghorofa ya tatu
Tarehe na saa: 24 Julai 2023, saa tatu na nusu asubuhi
Mpokeaji wa maelezo: Koplo Geng Liyun

Binti yangu Lu Shuwen amepata chuo. Ni ualimu, anasomeshwa na serikali miaka minne, na barua ililetwa juzi na mtu wa posta mpaka kibandani, soko zima likiona. Afande Geng ameniambia nianze na jina. Jina liko hapo juu, nimeshalitaja, kwa hiyo naendelea.

Mnamo tarehe 25 Juni 2023, siku ya Jumapili, saa nne asubuhi, matokeo ya mtihani wa taifa yalitoka. Shuwen alipata alama 561 kati ya 750. Mimi niliishia darasa la sita, lakini namba hiyo niliisoma bila miwani. Nilipiga picha ukurasa wa matokeo nikaurusha kwenye kundi la wazazi wa darasa lao, lenye watu 81. Ukurasa ulionyesha jina lake, namba yake ya mtihani na namba ya kitambulisho. Shuwen alikuwa anaoga. Alipotoka akaona, akasema, "Mama, hizo namba ungezifunika." Nikamjibu, "Nimekuzaa mimi, nifunike nini?"

Nakiri pia kwamba neno la siri la akaunti ya kuchagulia vyuo nililitaka mimi. Yeye alikuwa ameweka herufi na namba za kukoroga kichwa. Nikamwambia aweke tarehe yake ya kuzaliwa, ili mimi na baba yake, ambaye yuko kwenye ujenzi Guangdong, tuweze kufungua tuangalie. Tarehe hiyo ni 19 Septemba. Kila mwaka siku hiyo nampikia tambi ndefu na yai, na picha naiweka kundini. Asiyeijua ni mgeni.

Kuanzia tarehe 26 hadi 28 Juni tulibishana. Mimi nilitaka chuo cha Shanghai, kwa sababu ukilitaja jina lile watu wananyamaza. Shuwen alikuwa amejitoa kwenye kundi la wanafunzi wenzake tangu matokeo yatoke. Alisema wanaulizana alama humo mpaka wengine hawali. Badala yake alikuwa anasoma malalamiko ya wanafunzi wa vyuo, chuo hadi chuo, kuhusu chakula, mabweni na maji ya moto. Nilimuuliza kwa nini anasoma mabaya tu. Akasema, "Wanaosifu wamelipwa, Mama. Anayelalamikia supu ndiye aliyeinywa."

Tarehe 28 Juni, saa mbili asubuhi, tukiwa kibandani, aliniambia ameamua. Ni ualimu, nafasi za wilaya yetu, ambazo ni mbili tu, na akimaliza anarudi kufundisha hapa. Nilikasirika. Akanikumbusha kwamba alipokuwa darasa la nne mwalimu wao wa hesabu aliondoka katikati ya muhula, wakakaa miezi mitatu wakinakili kitabu. "Nataka kuwa yule anayebaki," alisema. Nikamtajia tena Shanghai. Akaniuliza, "Mama, unanichagulia chuo, au unachagua picha ya kurusha kundini?" Nilimwekea mteja pilipili nyingi kuliko alizoomba. Shuwen akatuma machaguo yake, akaniomba nisimwambie mtu.

Nilimwambia mtu. Siku hiyohiyo, mnamo saa tano, nilimwambia Tang Yulian, mama yake Haoyu, muuza tofu ya soya wa kibanda namba 17, jirani yangu kwa miaka kumi na moja. Haoyu anasoma darasa moja na Shuwen, naye alipata 552. Mama yake alikuwa amemwandikia nafasi hizohizo za ualimu.

Alisema, "Mama Shuwen, alama zote hizo, na bado mwanao anakuja kugombea vya wilayani?"

Nikasema, "Ameamua mwenyewe."

"Basi sisi wengine watoto wetu watakula nini?"

"Watakula tofu," nikasema.

Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Naomba hilo liandikwe, maana nimelifikiria sana.

Mnamo tarehe 30 Juni 2023, siku ya Ijumaa, mwisho wa kutuma machaguo ulikuwa saa kumi na moja kamili jioni. Saa tisa na dakika kumi na mbili ujumbe uliingia kwenye simu yangu kwamba machaguo ya Shuwen yamebadilishwa. Sikuusoma. Simu ilikuwa imejaa pongezi tangu wiki iliyotangulia na ilikuwa inalia mfululizo, nami nilikuwa nafurahia mlio wake.

Saa kumi na dakika tano, pale kibandani, Shuwen alichukua simu yangu amjibu bibi yake, akauona ujumbe. Alijaribu kufungua akaunti, ikakataa. Neno la siri lilikuwa limebadilishwa, na ili apewe jingine ilibidi namba za uthibitisho zije kwenye simu yangu. Kabla hazijafika simu ikazima, kwa sababu chaji ilikuwa imeliwa na zile pongezi. Chaja yangu ilikuwa nyumbani.

Nilikimbilia kibanda namba 17. Nikasema, "Mama Haoyu, nipe chaja, machaguo ya Shuwen yameguswa." Alikuwa ameshika kisu cha kukatia tofu. Alinitazama mpaka nikadhani hajanisikia. Kisha akachomoa waya wa mzani wake kwenye umeme, akaweka chaja yake hapo na kuichomeka simu yangu kwa mkono wake mwenyewe.

Simu iliwaka saa kumi na nusu. Shuwen alipofungua, chaguo la kwanza lilikuwa chuo cha mambo ya hoteli katika mkoa mwingine, na mengine yote yalikuwa yamefutwa. Aliyaandika upya moja baada ya jingine kutoka kwenye karatasi aliyokuwa nayo mfukoni. Alituma saa kumi na dakika arobaini na nane. Nilikaa chini bila kuangalia, kumbe nimekalia ubao mzima wa tofu. Zote ziliharibika.

Tarehe 1 Julai Shuwen alikuja mwenyewe kituoni hapa kuripoti. Nilimwambia tuache, limeshapita. Akasema, "Kuingia kwenye akaunti ya mtu ni kuvunja mlango wake. Mwakani atavunjiwa mtoto ambaye simu ya mama yake haitawaka."

Tarehe 7 Julai polisi walitujulisha kwamba simu iliyotumika ni ya Tang Yulian. Mimi sikuwa nimemshuku, kwa sababu ya ile chaja.

Tarehe 8 Julai, saa kumi na mbili jioni, Haoyu alikuja kibandani. Alisema, "Mama Shuwen, sikujua. Mimi nataka chuo cha reli. Ualimu alikuwa anautaka mama." Nilimpa bakuli la tambi. Alikula akiwa amesimama, na kabla ya kuondoka aliliosha bakuli. Nimesikia chuo cha reli amekipata.

Nikiulizwa na Afande ninataka nini dhidi ya Tang Yulian, najibu kwamba sheria ifanye kazi yake. Ameniandikia barua ya kuomba radhi, nami nimeisoma mara mbili. Ila iandikwe kwamba saa kumi na dakika ishirini siku ile angeweza kusema hana chaja.

Barua ya chuo nimeipiga picha. Shuwen ameziziba namba kwa kidole gumba chake, na hata hivyo sijairusha popote. Nikitaka kumwambia mtu siku hizi natembea kwa miguu.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya, pamoja na yale ya kuniaibisha, na sina la kupunguza.

Sahihi: Qiao Fengzhi (pamoja na dole gumba, wino mwekundu)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya polepole, ameyakubali na kusahihisha mahali pamoja, ambapo niliandika 516 badala ya 561. Ametia dole gumba juu ya sahihisho hilo kwa nguvu. Amekataa kuondoka mpaka niongeze kwamba karamu ya binti yake itakuwa mbele ya kibanda namba 16, tofu itanunuliwa kibanda namba 17 kama siku zote, na waliotajwa humu wote wanatarajiwa, Tang Yulian na mwanawe wakiwemo. Nimemweleza kuwa ofisa mwenye shauri haruhusiwi kula kwa shahidi. Amejibu kuwa basi nivue sare nije kama jirani, Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2023, saa sita kamili mchana.

Koplo Geng Liyun