Sauti Iliyoota Moto

Kilambo, 7 Juni 2024

Kwa mjukuu wangu Vania, mke wangu mdogo usiyejua kupika,

Pokea salamu. Mimi nina miaka sabini na tisa. Nimeipita vita ya Mreno, nimeyapita mafuriko ya Ruvuma yaliyobeba nyumba na mbuzi ndani yake, nimempita mamba aliyemla mbwa wangu, na wenyeviti wanne wa kijiji hiki nimewazika, jeneza nikishika upande wa mbele. Mguu wa kushoto unauma asubuhi tu. Wewe hujambo? Kifua kimepona? Kula mihogo, acha chipsi.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu hapa inashika mtandao wa ng'ambo, ukipiga unajibiwa Kireno. Barua anakuletea Mariamu, yule anayepeleka samaki wakavu mjini kila Jumamosi. Herufi zangu ni za kisomo cha watu wazima, usicheke.

Memori kadi yako nimeisikiliza kwenye redio. Bakari mtani wangu alikuwepo. Nikamwambia, "Huyu ni mjukuu wangu, anarap." Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa yeye ataanza saa ngapi?"

Nilimfukuza, lakini kasema kweli. Ngoma imekufukia. Nasikia dum dum, halafu wewe kwa mbali sana kama mtu aliyetumbukia kisimani.

Sasa nisikilize mimi. Kutoka hapa mpaka Naliendele hapakuwa na mwimbishaji wa ngoma kama mimi, na waliokuwa wakibisha wamekufa. Nyuma yangu walikaa wapiga ngoma sita, na neno langu lilimfikia hata bibi kiziwi. Mpiga ngoma kubwa alikuwa anautazama mdomo wangu. Nikiufungua, anaweka kiganja juu ya ngozi. Nikiufunga, anaachia. Ngoma haikunyamaza, iliinama tu neno lipite. Mwambie huyo Idrisa wako anayechanganya sauti kwamba ngoma yake haina adabu, haitazami mdomo wa mtu.

La pili ni maneno. Unaimba gari jeusi. Gari la nani? Kwenu Magomeni mna baiskeli moja, nayo ina pancha. Tena umeshindilia maneno kama korosho kwenye gunia, pumzi haina pa kukaa. Mwimbishaji akisema neno zuri hunyamaza kidogo, watu walitafune.

Lakini kuna mstari nimeurudia mpaka betri zikachoka. Pale unaposema mama yako anabangua korosho mpaka vidole vyake vinasahau rangi viliyozaliwa nayo. Huo sikukufundisha mimi. Labda ujanani ningeuweza. Labda.

Mimi babu yako,
Lourenco


Magomeni, Mtwara, 22 Juni 2024

Babu, mume wangu mzee mwenye wivu,

Shikamoo. Sisi wazima, kifua kimepona. Mama anakusalimu, baba naye anakusalimu ingawa amenuna. Mguu unaupaka yale mafuta niliyomtuma Mariamu akuletee, au umempa Bakari?

Barua yako nilimsomea Idrisa. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akajaribu. Sasa kila nikifungua mdomo ngoma inashuka kidogo, na besi ameipunguza pale ilipokuwa inagombana na koo langu. Chumba chake kilikuwa kinanijibu kila ninachosema, tukatundika mablanketi ukutani. Nusu ya maneno nimeyatoa. Gari nimeliuza.

Babu, nasikika. Jana nimejisikia mwenyewe nikivuta pumzi mwishoni mwa mstari, nikashtuka kama nimekutana na mtu.

Sasa sikiliza shida yangu. Tarehe tatu Agosti kuna shindano la vijana uwanjani. Mshindi anapelekwa kurekodi kwenye studio ya kweli. Baba amesema hili ndilo la mwisho, nikishindwa nakwenda kubangua korosho na mama, mambo ya rap yaishe. Na Fadhili wa Rahaleo, ambaye naye anashindana, anatembea anasema, "Vania anaimbia ndani ya pipa." Nataka kumfunga mdomo.

Mistari iko tayari, ila kiitikio ni kitupu. Nataka mwito wako, ule wa kuanzisha ngoma, ambao marehemu bibi Madalena alisema ulimtoa jikoni akaacha ugali unaungua. Nimempa Mariamu maiki na kinasa sauti. Taa nyekundu ikiwaka, kinanasa. Weka maiki mbali na mdomo kiasi cha kiganja, usipige kelele, na redio uzime. Tafadhali babu, maiki ya Idrisa ni hiyo moja tu.

Mimi mjukuu wako,
Vania


Kilambo, 29 Juni 2024

Kwa Vania,

Habari za huko? Hapa tuko salama. Mafuta ya mguu nimempa Bakari, mguu wake ni mbaya zaidi na ananisumbua kwa kulalamika.

Kazi imekwisha, na imefanywa na anayeijua. Kwanza niliwasha taa nyekundu kuhakikisha inawaka. Halafu maiki nikaiotesha moto. Wewe hukuniambia, nadhani ulisahau. Kila chombo cha sauti huoteshwa moto kabla ya kazi, ngozi ikaze, sauti itoke safi. Nikaiweka kando ya makaa, nikakaa na Bakari kuingoja ikolee.

Ilitoa harufu kidogo. Lile sifongo la mbele limejikunja. Bakari akasema, "Lourenco, umechoma sauti ya mtoto wa watu." Nikamwambia anyamaze, hajawahi kuwamba hata tenga la kuku.

Ilipopoa nikasimama nayo uwanjani, nikamweka Bakari kule kwenye mikorosho asikilize kwa mbali, nikaachia mwito kama zamani. Mbuzi walikimbia. Kile kiganja chako nilikipuuza. Mwito si siri ya kunong'onezana. Utasikia mwenyewe.

Mimi babu yako, ambaye sauti yake bado ipo,
Lourenco


Magomeni, 13 Julai 2024

Babu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na wewe si mtu wa kuandikiwa kwa hasira.

Maiki imekufa. Mwito wa uwanjani haupo, hata mbuzi hawapo, ni kimya kitupu. Idrisa alinikasirikia wiki nzima. Sasa tunaazima kwa watu.

Lakini kabla haijafa, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Imenasa pale motoni. Makaa yanalia, Bakari anakusimanga, wewe unamjibu. Kisha unaanza kuupitia mwito taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeukumbuka na si anayeuimba. Mara mbili. Katikati unakohoa. Ya pili unaimaliza, halafu maiki inakatika.

Idrisa aliisikiliza, hasira yote ikamtoka, akaniambia, "Hiyo usiiguse, iweke hivyo hivyo." Nimeiweka kwenye kiitikio, ngoma ikainama. Mama alipousikia mwito alitoka nje, kama bibi Madalena.

Najua watu wote wamezoea kukusikia ukinguruma. Tena najua mwito wa mwimbishaji hauchukuliwi, unakabidhiwa mbele ya mashahidi. Kwa hiyo naomba, babu. Nijibu kabla ya tarehe tatu. Usiponijibu nitajua umekataa.

Mjukuu wako,
Vania


Kilambo, 7 Agosti 2024

Kwa mjukuu wangu Vania,

Salamu nyingi. Umelala vizuri? Umekula? Mimi ni mzima.

Barua yako niliipata na sikujibu. Niliona aibu watu wasikie sauti ile. Ile ni ya mzee anayekohoa, na mimi kwa jina langu si mzee anayekohoa. Basi siku ya shindano nikapanda gari la samaki la Mariamu pamoja na Bakari, nije nikukataze uso kwa uso. Tairi likatuchelewesha. Tumefika uwanjani wewe tayari uko juu.

Nilisimama nyuma kabisa, kwenye wauza karanga. Vania, kila neno lilinifikia. Vidole vya mama yako vilipopita, mwanamke aliyekuwa ananipimia karanga aliacha kupima. Ulipumzika pale pale ambapo mimi ningepumzika. Pengine ulipumzika vizuri kunizidi, lakini hilo usimsomee mtu.

Kikaja kiitikio. Ngoma ikainama, nikakaza shingo kungoja ile sauti yangu ya motoni nione haya. Haikuja. Ukafunga mdomo, ukasimama. Watu wakadhani mashine imeharibika. Mmoja akapiga kelele, "Umeme umekatika?" Wakacheka. Mara ya pili, vilevile, shimo tupu. Mwito ulikuwa nao, umenaswa tayari, Idrisa angebonyeza tu, na ukaliacha shimo katikati ya wimbo wako mbele ya Fadhili na watu wa Rahaleo, kwa sababu babu yako hakujibu barua.

Mara ya tatu mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikautoa mwito kwa chini, kama motoni. Mimi nasema uwanja mzima ulisikia. Bakari anasema tulisikia yeye, Mariamu na muuza karanga.

Wakamchagua Fadhili. Sikuja kukusalimu, maana sikuwa na kitu cha kukuambia nikiwa nimesimama mbele yako.

Nimewaona waimbishaji wakiibiana nyimbo kwa ajili ya pombe. Mimi mwenyewe, kwa umri wako na uwanja ule, ningebonyeza. Sisemi nilikosea kuchelewa, mtu mzima ana haki ya kufikiri. Nasema sijapata kuona mwimbishaji kama wewe, na nimeona wote.

Jana nilimwita baba yako Helder. Amekuja, nimemsomea barua zako zote, ile ya maiki nikairudia. Yeye ni mwanangu, na bado mimi ndiye ninayesema nani katika nyumba hii anabangua korosho na nani anaimba. Alibisha, halafu akaomba kuusikia wimbo wako.

Mwito nimekukabidhi. Tumia ule wa motoni, na kikohozi chake. Ukizaa, umkabidhi atakayeweza kukaa kimya.

Akitokea wa kusema hukupewa, umwelekeze kwa Bakari, ambaye hajawahi kunisifia kwa lolote maishani. Umwelekeze kwa Mariamu wa samaki. Na umwelekeze kwa baba yako, aliyekaa hapa kwenye gogo mpaka nikamaliza kuandika, na ndiye anayekuletea barua hii kwa mkono wake.

Mimi babu yako,
Lourenco