Jina la Baba kwenye Jiwe la Ba

Gitothua, Ruiru

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje, na yule mbuzi alizaa salama? Mimi ni mzima. Ninakuandikia kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, kwaya nzima ikasikia, na haya si ya kwaya.

Ba amefariki. Ni yule bibi wa Kihindi niliyemfanyia kazi Thika miaka tisa. Kwao Ba ni mama. Sikulia. Nilijaribu, machozi yakakataa.

Pale uani kwake kuna jiwe lililochongwa mtu juu ya farasi. Wiki yangu ya kwanza nililikuta limepakwa rangi nyekundu na mafuta, nikadhani ni uchafu. Nikalisugua kwa sabuni na stilwuli mpaka likang'aa. Ba alinichapa mdomoni kwa ndala, kisha akanikalisha chini anieleze nilichofuta. Babu wa babu yake, huko Kachi, India, alipigana peke yake na wezi wa ng'ombe wa kijiji mpaka wakamuua. Mtumishi wake, mchungaji wa ng'ombe, alitupa fimbo akakimbia. Watu wakamchongea shujaa jiwe, na babu yake Ba akalivusha bahari hadi Thika.

Tangu siku hiyo kila Jumatatu alilipaka rangi na kunisimulia upya, kwa Kikachi, maana wanawe wako Kanada na lugha hiyo waliitupa zamani. Lugha nikaishika hivyo hivyo. Na kila akimaliza alinitazama. "Watumishi ndivyo walivyo. Hukimbia."

Mimi sikukimbia, Mama. Baba alipofariki nilipiga magoti jikoni nikaomba siku tatu tu. Ba alikuwa anachambua dengu, hakuinua hata uso. "Aliyekufa amekufa. Wewe utamfufua? Na chapati zangu nani atapika?" Nikabaki. Mlikuwa mnamzika Baba, mimi nasukuma chapati. Najua shangazi bado anasema mjini nimekuwa jiwe. Mwache aseme.

Sasa sikia. Tulipomaliza kumchoma Ba, kama ilivyo desturi yao, mjukuu wake aliyefika na familia kutoka Kanada, mtu mzima mwenye ndevu, alinifuata uani na simu ya kurekodi.

"Mercy, hiyo story ya jiwe unaijua? Sisi hakuna mtu anaijua. Tunataka kuweka kibao." Mercy ndilo jina walilonipa, Mkamburi liliwashinda.

"Naijua yote."

Nikamwambia kwamba babu yao, bwana wa yule mchungaji, alipowaona wezi alijificha ghalani, chini ya magunia ya mtama. Mchungaji ndiye aliyepanda farasi wa bwana wake, akapigana, akafa. Bwana akamchongea jiwe kwa aibu.

"Wow. So sisi ndio tulijificha?"

"Ndiyo. Nyinyi mlijificha."

Mungu anisamehe, nilisikia utamu.

"Na huyo mchungaji aliitwa nani?"

"Maganga," nikasema.

Akaandika kwenye simu, Mama. Jina la Baba, herufi kwa herufi.

Kibao cha shaba chenye jina hilo kilichongwa hapa Ruiru, na Jumatatu iliyopita familia nzima ilisimama uani miguu mitupu. Mwana mkubwa wa Ba, yule aliyekuwa akija likizo na kuniita kwa kupiga vidole, alipaka rangi akainama mpaka paji la uso likagusa jiwe. Mimi nilishika bakuli la rangi. Nilidhani nitacheka. Badala yake nikamkumbuka Ba: alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, akaniachia mimi, nami nikamnyang'anya akiwa majivu. Nilimwonea huruma kidogo, kisha ikaisha.

Wameniomba niwe naenda Thika kila Jumatatu kulipaka jiwe. Nimekubali.

Wasalimie kaka yangu mlinzi wa shule, mama mkubwa wa kwaya, na jirani aliyeninunulia leso ya safari. Shangazi usimwambie kitu. Ukimaliza kusoma, itie barua hii jikoni iungue. Ukweli tunaujua wawili tu, na ukiniuliza kama najuta, nitakujibu siku nitakapofika kwenye kaburi la Baba.

Ni mimi mwanao,
Mkamburi binti Maganga